Garneti za Mzee Tluway

Leningrad, 9 Oktoba 1977

Dada Marsela,

Shikamoo. Barua yako imenikuta nimejifunika blanketi na koti juu yake. Wenyeji wananicheka, wanasema hii bado si baridi, ni salamu zake tu. Ile Julai ya Rhotia tuliyokuwa tukiilalamikia, huku wangetembea na fulana.

Habari kubwa ni kwamba nimepangiwa maabara. Profesa wangu ni mama mmoja mfupi, Galina, mkali kuliko wewe, na kazi yake ni garneti. Mweleze Baba hivi: garneti ni jamii ya mawe. Mengine yamo ardhini, lakini sisi tunakuza ya kwetu. Tunachanganya unga wa chuma na wa metali za ardhi adimu, itriamu, terbiamu na nyingine ambazo hata sijui tuziiteje kwa Kiswahili. Tunauyeyusha mchanganyiko huo katika kikombe cha platini, kisha tunaliacha tanuri lipoe polepole kwa majuma. Ukiwa na bahati unakuta fuwele zimeota humo, nyeusi, zinang'aa. Tunakata kipande chembamba mpaka mwanga uweze kupenya.

Hapo ndipo raha inapoanza. Mwanga husafiri ukitetema, na tunaweza kuuchuja ubaki ukitetema upande mmoja tu, tuseme juu na chini. Ukiupitisha katika garneti iliyo karibu na sumaku, unatoka upande wa pili ukiwa umeinama. Sumaku imeugeuza mwanga, dada! Ukibadili metali uliyochanganya, na kuinama kwake kunabadilika. Kazi yangu ni kupima umeinama kiasi gani. Profesa anasema siku moja mashine zitahifadhi maandishi kwa njia hiyo.

Nimekuchosha? Msomee Baba taratibu. Nataka ajue kwamba sikuja huku kuvaa makoti.

Mdogo wako,
Ignas


Rhotia, 14 Januari 1978

Mdogo wangu Ignas,

Sisi tupo, ila watoto wana mafua na mdomo wa Baba haujapata dawa. Nilimsomea barua yako jikoni, rafiki yake mzee Aako Hhando akiwepo. Habari za mwanga kuinama walizisikiliza kwa adabu, kama wanavyomsikiliza padri mgeni. Nilipofika kwenye garneti Hhando akaruka. Unajua yule mzee aliwahi kuwa kibarua wa machimbo huko Umasaini kabla hajaoa. Akasema vile vijiwe vyekundu vya korongoni kwetu, tulivyokuwa tukivichezea udogoni, ndivyo garneti zenyewe.

Asubuhi yake Baba akashuka korongoni na sufuria. Sufuria yangu ya uji, Ignas. Tangu siku hiyo anachekecha mchanga, na kila apitaye njiani anaambiwa kwamba mwanawe ni bwana mkubwa wa garneti huko Urusi na kwamba mzigo utatoka Rhotia.

Nikamwambia, Baba, ameandika kwamba wanakuza ya kwao. Akanijibu, "Ni kwa sababu hawana korongo."

Nacheka, lakini si sana. Wilibrodi wangu hana kazi tena. Tangu mpaka wa Kenya ufungwe, magari ya watalii kutoka Nairobi hayapandi kreta, na hoteli kule juu imepunguza wapishi. Kwa hiyo sisi sote, mimi, mume wangu na watoto, tunakula shamba la Baba, na palizi haimngoji mtu aliye korongoni. Mwandikie wewe mwenyewe kwamba vijiwe vile havina kazi. Mimi ni binti yake wa humu ndani, hanisikii. Wewe uko mbali, kwa hiyo una akili.

Dada yako,
Marsela


Leningrad, 20 Machi 1978

Dada Marsela, shikamoo.

Nimecheka mpaka mwenzangu wa chumbani, Mvietinamu mpole, akaja kuniuliza kama naumwa. "Hawana korongo"! Nimemtafsiria Profesa Galina, naye akacheka, akasema mzee huyo ni mwanasayansi.

Ukweli ni huu. Jiwe la ardhini lina takataka nyingi na nyufa, na chuma kilichomo hakijakaa inavyotakiwa. Kwenye kipimo chetu halina maana. Lakini mwache, dada. Mzee amelima maisha yake yote. Akiokota vijiwe jioni ataharibu nini? Hata mpe Piusi vichache aniletee, yule kijana wa Mbulu ninayesoma naye, atakuwa huko likizo na kurudi Agosti. Nitavipanga dirishani. Huku vitu vyote ni vya kijivu isipokuwa bendera, na kuna siku nakikumbuka kile kijito cha korongoni kwetu.

Ignas


Rhotia, 2 Julai 1978

Mwanangu Ignas,

Anayesema ni mimi baba yako, Tluway. Anayeandika ni Marsela, na nimemwonya asipunguze wala asitie chumvi, maana barua yako ya mwisho aliisoma kwa sauti ya mtu anayetaka nikapalilie. Alidai umeandika kwamba mawe yangu yana takataka. Mimi nakujua. Huwezi kukiita takataka kitu ambacho hujakiona.

Piusi anakuletea mfuko. Nimeyaosha mwenyewe na kuyachagua kwa kuyatazama juani, na lenye ufa nimelitupa. Hayo yenu yamekuzwa kwenye kikombe. Haya yamekuzwa na Mungu, na Yeye hakuwa na haraka.

Nikuambie neno, mwanangu. Nilipokuwa kibarua kwenye kahawa ya mzungu kule Oldeani, nilikuwa nikimwona anasoma gazeti barazani, na nilijua kwamba hakuna siku nitakayoweza kukigusa kilichomo mle. Ulipoondoka nilifurahi. Lakini nilibaki nikijiuliza: huyu sasa amekwenda mahali ambapo mimi siwezi hata kumbebea mzigo. Sasa naweza. Niambie yanafaa kiasi gani, na unataka ya ukubwa gani.

Baba yako,
Tluway

Mimi Marsela naongeza yangu hapa chini, yeye anadhani naandika anwani. Mjibu kwa jina lake, mjibu kwa upole, lakini mwambie ukweli. Ukimwandikia yeye mwenyewe atakubali. Anakuamini kuliko anavyoamini redio.


Leningrad, 25 Septemba 1978

Baba yangu mpendwa, shikamoo.

Mfuko umefika salama. Profesa aliyamwaga mawe juu ya karatasi nyeupe na maabara nzima ikasogea kuyaona. Aliuliza ni nani aliyeyachagua, nikasema baba yangu. Akasema una jicho.

Tumelikata moja na kuliweka kwenye kipimo, na limefanya kazi vizuri. Yanatusaidia sana, Baba. Makubwa kidogo yangekuwa bora zaidi, kwa sababu tunapokata sehemu kubwa inapotea.

Wasalimie dada na shemeji, watoto, na Aako Hhando.

Mwanao,
Ignas


Rhotia, 21 Januari 1979

Ignas,

Kwangu uliandika halina maana. Kwa Baba umeandika limefanya kazi vizuri. Mimi darasa la saba sikulifika, lakini najua yote mawili hayawezi kuwa kweli.

Sikiliza kilichofuata. Alinitaka nimsomee pale pa "makubwa kidogo" mpaka akakariri. Kisha Hhando akamwambia makubwa hayako kwenye mchanga wa chini, yamo kwenye ukuta wa korongo, chini ya ukingo wa shamba. Ukingo ule unaujua. Yale majani ya mabingobingo aliyapanda mwenyewe wewe hujazaliwa, mizizi ishike udongo, na nyuma yake akachimba makinga-maji ambayo bwana shamba alikuwa akiwaleta watu kutoka Mbulu waje kuyatazama. Ameyang'oa mabingobingo, Ignas. Yeye na Hhando wameingia chini ya shamba kwa sururu, na mahindi yetu yamesimama juu ya shimo.

Nimepiga kelele mpaka nimekauka. Wilibrodi amemsihi. Padri alikuja kuzungumza naye, Baba akampa padri jiwe. Kila mmoja wetu anajibiwa jambo lile lile: "Mwanangu ameniomba."

Mvua za masika zitafika na posta inachelewa tangu vijana waende vitani, kwa hiyo jibu siku utakayoipata hii. Mkataze. Ukiona haya kumwambia ukweli, tafuta uongo mwingine, sijali, mradi umkataze. Ukuta tutauziba na majani tutayapanda upya kama ataacha sasa. Hatuna shamba lingine.

Marsela


Leningrad, 24 Februari 1979

Dada Marsela, shikamoo.

Barua yako nimeipata, poleni kwa usumbufu. Nisamehe kwa ufupi huu. Fuwele zetu zote za Januari zimepasuka tanurini, tumeanza upya, na mwezi wa nne natakiwa kusimama mbele ya watu kueleza kazi ambayo haijakamilika. Sina hata muda wa kunyoa ndevu.

Mwambie Baba asijichoshe. Apumzike kidogo, mvua zikiisha ataendelea. Nitamwandikia vizuri nikishamaliza haya. Ni jambo la kumwandikia mtu akiwa ametulia.

Mdogo wako,
Ignas


Rhotia, 13 Mei 1979

Ignas,

Nilimsomea pale uliposema apumzike kidogo. Akasema, "Mwanangu ana huruma," akachukua sururu akaenda.

Mvua zilianza mapema na zikashika kweli kweli. Ijumaa Kuu tulikuwa kanisani sote, pamoja na Baba. Tuliporudi, ukingo haukuwepo. Maji yalikuwa yameingia katika yale mashimo na kuusukuma ukuta kutoka ndani, na mistari ya mahindi ilikuwa imelala chini korongoni ikiwa bado ya kijani. Tangu hapo kila mvua imechukua kipande chake. Sasa korongo limefika nyuma ya jiko. Hakuna aliyeumia, na hilo namshukuru Mungu.

Wilibrodi amekwenda Oldeani kuchuma kahawa, kibarua, kule kule Baba alikotoka. Mimi na watoto tunahamia Endabash kwa shemeji yangu, amesema atatupa kona ya kulima. Unajua maisha ya mtu anayepewa kona. Baba amekataa kuondoka. Viongozi wa kijiji walikuja wakatazama, wakasema watamtafutia mahali, wakaenda. Jirani yetu Scholastika atakuwa akimpikia.

Sitaki kukulaumu kwenye karatasi. Nikianza, nitaandika mpaka wino uishe, na wino siku hizi ni shida kama sabuni.

Marsela


Leningrad, 17 Juni 1979

Dada Marsela,

Barua yako niliisomea kwenye ngazi za posta, nikakaa pale pale, watu wakawa wananiruka.

Uliniomba mstari mmoja na muda wa kuuandika nilikuwa nao. Nilisema ni kazi. Si kazi, dada. Nilipenda. Wenzangu hapa wana baba wahandisi na baba makanali, na mimi nilikuwa na yule mzee wa korongoni ambaye kila mtu maabarani alimuulizia habari zake. Nilipenda kuwa mtu ambaye baba yake anamchimbia mawe. Lile jiwe tulipolipima, sindano haikutikisika. Profesa alilichukua akalikandamizia karatasi zake zisipeperuke. Nikarudi bwenini, nikaandika vile nilivyoandika, na nilipoandika "makubwa kidogo" nilikuwa natafuta tu la kumalizia barua.

Nimelipoteza shamba la Baba nikiwa nimekaa kwenye kiti. Sijui nikuombe msamaha kwa maneno gani, kwako na kwa shemeji.

Humu ndani mna karatasi ya pili, ni ya Baba. Nimemweleza yote, kwamba mawe hayakufaa hata moja na kwamba nilimdanganya. Nakuomba umsomee mwanzo hadi mwisho, usiruke neno. Nataka anijue nilivyo.

Ignas


Rhotia, 26 Agosti 1979

Mdogo wangu Ignas,

Nilitoka Endabash kwa miguu kuja kumsomea. Nilimkuta kwenye kigoda, nje, anatazama pale palipokuwa shamba. Amekonda, lakini si mgonjwa. Nikafungua karatasi yake, nikasoma, "Baba yangu mpendwa, shikamoo." Akaitikia "Marahaba, mwanangu," kwa sauti, utadhani umesimama mlangoni. Nikautazama mstari uliofuata. Sikuweza.

Nikuambie anachosema siku hizi. Watu wanakuja kumpa pole ya shamba. Anawajibu, "Halikupotea. Lilikwenda kwenye masomo ya Ignas." Wanatikisa kichwa, wanamheshimu, wanakwenda zao, na yeye anakula ugali wake na kulala. Nikimsomea karatasi yako, shamba lake litakuwa limekwenda wapi? Niambie wewe uliyesoma.

Unataka akujue ulivyo. Hiyo ni haja yako, si yake. Mwaka jana ungemwambia angenuna juma moja, Hhando angemcheka, basi. Mimi ndiye niliyekuwa nikikulilia umwambie. Sasa ni mimi ninayekuambia usithubutu. Nilimsomea barua nyingine niliyoitunga pale pale mdomoni, kwamba u mzima na unamsalimu, na karatasi yako nimeitia motoni.

Ukuta ulipoanguka ulimfunulia jiwe moja kubwa, linajaza kiganja. Hakumwonyesha mtu mpaka nilipofika mimi. Amempa Piusi, aliyekuwa huku likizo tena na ameshaondoka, na kila siku Baba anauliza kama ndege imeshafika Urusi. Likifika mwandikie, na uandike vizuri kuliko ulivyoandika mara ile. Nitakuja tena kumsomea, nikijua kila neno ni nini. Nimekukasirikia, Ignas, na sijui nitaacha lini. Lakini andika.

Dada yako,
Marsela


Leningrad, 7 Oktoba 1979

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Jiwe limefika. Piusi alilibeba ndani ya koti njia nzima, alikataa kuliweka sandukuni.

Tumelikata jana. Ndani ni safi, halina ufa hata mmoja. Profesa Galina alifunga mapazia, tukawasha mwanga mmoja mwembamba na kusogeza sumaku. Mwanga uliingia katika jiwe lako ukiwa wima, ukatoka umeinama, Baba, umeinama kuliko tulivyowahi kuona kwenye mawe yetu yote ya kukuza. Watu waliacha kazi zao wakaja kutazama. Waliniuliza linatoka wapi nikawaambia Rhotia, na nikawafundisha kulitamka jina la aliyelichimba. Tluway wanaliweza kwa shida, lakini wanalisema.

Kwa jiwe hili kazi yetu imekamilika. Hatuhitaji jingine. Sururu mpe Hhando, nawe nenda Endabash ukakae na Dada Marsela na wajukuu, kwa maana uliyonifanyia ni makubwa na sasa ni zamu yako kutunzwa.

Dada ameniandikia habari za shamba. Ni kama unavyowaambia watu, limekwenda kwenye masomo yangu. Hakuna siku nitakayokaa mbele ya kipimo kile nisilione, mistari yake yote, na wewe ukiwa katikati unapalilia. Hili, Baba, ni kweli.

Mwanao,
Ignas Tluway